Saratani ya seli za Merkel: uvimbe umekatwa, nini kifuate?

Ndugu, umeeleza kwamba mzee wenu alitolewa uvimbe mwekundu usiouma shavuni, kwamba maabara imethibitisha ni saratani ya seli za Merkel, aina ya saratani ya ngozi, na kwamba familia imegawanyika: wengine wanaona kilichokatwa kimekwisha, wengine wanataka aanze dawa za kemikali mara moja. Nilimuuguza kaka yangu mkubwa kwa ugonjwa huu huu, na kwa niliyoyaona, siungi mkono upande wowote.

Saratani hii hupita mapema kwenye mishipa ya limfu, yaani majimaji ya mwili yanayochujwa kwenye tezi. Takriban mgonjwa mmoja kati ya watatu ambaye tezi zake hazijavimba hukutwa na seli za saratani tezi ya kwanza inayopokea majimaji ya eneo lile inapochunguzwa. Ndivyo ilivyokuwa kwa kaka, ambaye shingo yake tuliipapasa bila kuhisi chochote. Kwa hiyo ulizeni kwanza kama tezi hiyo imechunguzwa, hasa ikiwa mzee atarudishwa kukatwa ngozi zaidi pembeni ya kidonda, kwa sababu upasuaji mpana unaweza kuvuruga njia za limfu na kufanya tezi husika isipatikane kwa uhakika.

Kisha mionzi. Seli hizi huathiriwa sana na mionzi, na usoni, ambako daktari hawezi kukata sentimita mbili kila upande bila kuharibu jicho au mdomo, mionzi hufidia kile ambacho kisu hakikuweza kufikia. Kwa kawaida hutolewa siku tano kwa wiki, kwa wiki kadhaa. Kaka aliungua ngozi na kukaukiwa mate, lakini alimaliza. Uvimbe ukiwa mdogo sana, kingo za nyama iliyokatwa zikiwa hazina saratani na tezi haina kitu, daktari anaweza kuamua kumfuatilia tu. Huo si uzembe.

Kuhusu kemikali, yaani sisplatini au kaboplatini pamoja na etoposidi, uvimbe husinyaa haraka kiasi cha kuwafurahisha wote, kisha mara nyingi hurudi baada ya miezi michache. Tangu Marekani ilipoidhinisha avelumab mwaka 2017 na pembrolizumab mwaka 2018, ugonjwa uliosambaa huanziwa tibakinga, yaani dawa kama hizo mbili zinazoamsha kinga ya mwili ishambulie saratani, ikiwa mgonjwa anaiweza. Katika utafiti wa pembrolizumab kwa wagonjwa ambao hawakuwa wametumia dawa nyingine, zaidi ya nusu walipata nafuu ya kupimika, na kwa wengi wao nafuu hiyo ilidumu. Kwa kaka, saratani ilipojitokeza kwenye ini, dawa ya aina hii ndiyo iliyoituliza, ingawa iliharibu tezi yake ya thairoidi na sasa anameza kidonge kila siku. Kuharisha kusikokoma au kubanwa pumzi wakati wa dawa hizi kuripotiwe siku hiyo hiyo. Aliyepandikizwa figo au mwenye ugonjwa wa kinga kushambulia mwili lazima aseme mapema.

Wanaoogopa kumkaribia mzee wasiwe na hofu. Ni kweli kwamba virusi vilivyogunduliwa mwaka 2008 huonekana katika uvimbe mwingi wa aina hii, lakini watu wengi wanaishi navyo bila madhara, na saratani yenyewe haiambukizi.

Vipimo vya ufuatiliaji viwe vya karibu karibu katika miaka miwili au mitatu ya mwanzo, kwa kuwa hapo ndipo ugonjwa hurudi zaidi, na kila kinundu kipya kionyeshwe kwa daktari bila kusubiri tarehe ya kliniki.