Inchi Zinachanganya: Maswali Yenu Kuhusu Magurudumu ya 26, 27.5 na 29

Barua nyingi za safari hii zinahusu jambo moja: ukubwa wa magurudumu ya baiskeli za milimani. Tumechagua sita. Tumeanza na ile ya Nakuru, kwa sababu jibu lake ndilo ufunguo wa mengine.

Nilinunua tairi la 26 × 1⅜ kwa ajili ya baiskeli ya milimani ya 26. Linaingia kwenye ringi kwa mkono bila hata kutumia kijiko, ila nikijaza upepo linaruka nje na tyubu inapasuka. Muuzaji anasisitiza kwamba 26 ni 26. Nani amekosea? – Msomaji, Nakuru

Muuzaji amekosea, ingawa wakosaji wa kwanza ni viwanda vilivyobuni majina haya. Zamani "26" ilikuwa kimo cha tairi lililojaa upepo, kutoka chini hadi juu. Haikuwa kipimo cha ringi. Tairi jembamba na tairi nene huweza kufikia kimo kimoja huku kila moja likikaa kwenye ringi yake tofauti.

Chuchumaa utazame ubavu wa tairi. Karibu na maandishi makubwa utaona namba ndogo kama 57-559. Mara nyingi imechapwa kwenye mpira bila rangi, kwa hiyo futa vumbi na umulike tochi kwa pembeni ndipo isomeke. Namba ya kwanza ni unene wa tairi kwa milimita. Ya pili ni kipenyo cha mahali waya wa tairi unapokalia ringi, na hiyo ndiyo ya kuamini. Baiskeli ya milimani ya 26 ina 559. Tairi ulilonunua lina 590. Limeizidi ringi yako kwa milimita 31, ndiyo maana linaingia kama kofia ya mtu mzima kwenye kichwa cha mtoto, na upepo ukijaa halina pa kushika.

Namba nyingine za kukariri: 27.5 ni 584, ipo pia kwa jina la 650B. Ile ya 29 ni 622, sawasawa na 700C ya baiskeli za barabarani. Baiskeli nyeusi ya mizigo ya 28 × 1½ ni 635. Ndiyo, ringi ya "28" ya mzigo ni kubwa kuliko ringi ya "29" ya mlimani. Tairi la 28 × 1½ ukilivisha ringi ya 622 litapwaya na kuchomoka, na la 29 halitaingia kwenye ringi ya 635 hata ulilazimishe kwa bisibisi. Lakini tairi lililoandikwa 28 × 1.75, ambalo hukutwa kwenye baiskeli za mitumba kutoka Ulaya, ni 47-622, na ringi nyingi za 29 zinalipokea vizuri.

Jihadhari na sehemu na desimali. Darasani 1¾ na 1.75 ni kitu kimoja. Kwenye matairi 26 × 1¾ ni 571 na 26 × 1.75 ni 559. Hayabadilishani.

Kama namba ya ringi imefutika, vua tairi, pima kutoka ukingo hadi ukingo ukipita jirani na ekseli, kisha toa milimita 12. Ukipata 571, toa 12, hiyo ni 559.

Duka ninalonunulia vifaa linaniambia 26 imekufa, niuze baiskeli yangu. Ni fremu ya alumini ya 2009, breki za diski, foki yenye shokapu ya milimita 100. Napita njia za mashambani zenye mawe na mizizi. Nihamie 29? – Msomaji, Moshi

Kama fremu haina ufa na foki haivuji mafuta, usiuze kwa sababu ya jina tu.

Ukubwa wa 26 haukuchaguliwa na mtaalamu yeyote. Miaka ya 1970, vijana wa Marin County, California, walishuka milima kwa baiskeli kuukuu zenye matairi manene, na baiskeli hizo zilikuwa na 559. Ndiyo kilichopatikana, kikawa kanuni. Mwaka 1999 kampuni ya WTB ilitoa Nanoraptor, tairi nene la mlimani la 622, na 29 ikapata pa kuanzia. Kwenye Olimpiki ya London ya 2012 Jaroslav Kulhavý alishinda dhahabu ya mbio za baiskeli za milimani kwa 29, akifuatwa na Nino Schurter aliyekuwa juu ya 27.5. Mwaka mmoja au miwili baadaye kampuni kubwa zikawa zimeiondoa 26 kwenye baiskeli zao za bei ya juu. Schurter mwenyewe alichukua dhahabu ya Rio mwaka 2016 akiwa juu ya 29.

Faida ya gurudumu kubwa ipo, ila tuipime. Gurudumu likigonga jiwe la kimo cha sentimita 6, lile la 26 × 2.25 linakutana nalo kwa pembe ya takriban digrii 35, na la 29 × 2.25 kwa digrii 33. Tofauti ni digrii 2 hivi. Kwenye njia yenye mamia ya mawe utaihisi miguuni na mikononi, hatukatai. Lakini kuacha tairi jembamba la 1.95 lililojazwa psi 45 (psi ni kipimo cha nguvu ya upepo) na kuvaa la 2.25 kwa psi 28 hadi 30 kutakupa nafuu kubwa zaidi, kwa gharama ya matairi mawili. Usishuke chini ya hapo ukiwa na tyubu na uzito wa kilo 75 hivi: ringi itaibana tyubu juu ya jiwe na kuitoboa matundu mawili yaliyopangana. Ukiona matundu pacha ya namna hiyo, usitafute mwiba, ongeza upepo.

Hilo duka halikukuambia jambo lililo muhimu zaidi: kwenye 26, tairi halitakuwa la kwanza kukosekana. Matairi na tyubu za 559 zimejaa madukani na bado zinatengenezwa, pamoja na yale mazuri. Kinachoadimika ni foki. Fremu yako ya 2009 huenda inahitaji foki yenye shingo iliyonyooka ya inchi 1⅛, yaani milimita 28.6 juu hadi chini, wakati foki mpya nzuri karibu zote zina shingo inayonenepa kufikia inchi 1½ chini. Kwa hiyo itunze hiyo uliyo nayo. Badilisha mafuta na sili kabla haijaanza kulia, na ifute miguu yake kila ukitoka kwenye tope. Siku foki hiyo ikifa, au fremu ikipasuka, ndipo ununue nyingine, na hapo nenda moja kwa moja kwenye 29.

Siku hiyo kumbuka gia. Gurudumu la 29 husogea karibu asilimia 9 zaidi kwa kila mzunguko, kwa hiyo mlima uliouweza kwa gia ya mbele ya meno 32 utaonekana umerefuka. Weka ya meno 30 au 28 miguu isikudai.

Nimepata magurudumu ya 27.5 kwa bei nzuri. Naweza kuyaweka kwenye fremu yangu ya 26? Wenzangu wanasema 27.5 ipo katikati. – Msomaji, Morogoro

Haipo katikati. Kutoka 559 hadi 584 ni milimita 25. Kutoka 584 hadi 622 ni 38. Gurudumu la 27.5 ni jirani wa 26, na ndiyo maana swali lako lina nafasi ya kujibiwa "ndiyo".

Tazama breki kwanza. Kama zinabana ringi, acha: ringi mpya itakuwa juu zaidi kwa milimita 12.5 na padi hazifiki huko. Kwa breki za diski endelea.

Tairi la 27.5 × 2.1 lina nusu kipenyo cha milimita 345. Pima kutoka katikati ya ekseli ya nyuma hadi kwenye kiungo cha fremu kilicho karibu zaidi mbele ya tairi. Unahitaji angalau 351. Kisha pima upana kati ya mikono miwili ya fremu, mahali palipo milimita 318 kutoka kwenye ekseli, ambapo tairi ni nene kupita kote: unahitaji 65, yaani 53 za tairi na 6 kila upande. Usizipunguze hizo 6. Tope la mfinyanzi likikauka kati ya tairi na fremu hula rangi, kisha alumini yenyewe.

Mbele ndiko kwenye hatari ya kuvunja taya. Toa upepo wote kwenye foki, au fungua springi, uvishe gurudumu na uiminye hadi mwisho kabisa. Ukiona tairi limegusa daraja la foki, au nafasi iliyobaki haifiki milimita 6, magurudumu hayo hayafai kwenye foki hiyo. Usijipe moyo kwamba foki haifiki mwisho ukiwa kawaida. Itafika mara moja, kwenye shimo usiloliona, na gurudumu litasimama papo hapo.

Yakipita majaribio yote, hakikisha pia habu, yaani vitovu vya magurudumu, zinalingana na fremu (soma jibu la fundi wa Iringa hapa chini).

Nina urefu wa sentimita 156. Dukani wananisukumia 29 wakisema ndiyo ya kisasa. Nikiikalia najiona kama nimepanda punda. – Dada wa Mbeya

Dada, jiamini unavyojiona. Watengenezaji wenyewe wanajua: Trek, kwa mfano, huweka 27.5 kwenye baiskeli zake za Marlin za saizi XS na S, kisha 29 kuanzia M. Si baiskeli ya daraja la chini, fremu ndogo haina nafasi ya gurudumu kubwa bila kuharibu mambo mengine.

Fanya majaribio matatu kabla ya kutoa pesa. Simama ukiwa umeweka bomba la juu katikati ya miguu, umevaa viatu vya kuendeshea: kuwe na nafasi ya sentimita 3 hadi 5. Kaa, weka pedeli moja mbele, kisha kata usukani taratibu hadi mwisho. Ncha ya kiatu isiguse tairi. Mwisho tazama usukani uliposimama. Kama usukani umekizidi kiti kwa kimo cha zaidi ya sentimita 3 au 4, hata baada ya kutoa vipete vyote vinavyouinua, kwenye kupanda gurudumu la mbele litakuwa linanyanyuka na utahangaika kulielekeza.

29 ikipita yote matatu, ichukue. Ikishindwa hata moja, chukua 27.5 bila kuona haya.

Mteja ameniletea gurudumu la nyuma la 29 jipya. Kipenyo ni sawa, ekseli ni milimita 12 kama ya zamani, lakini haliingii kwenye fremu. Nipanue? – Fundi, Iringa

Usipanue, fundi. Alumini haipendi kunyooshwa na kaboni itapasuka mbele ya macho yako.

Hiyo ni habu ya Boost, upana wa milimita 148, na fremu ni ya 142. Ililetwa na Trek pamoja na SRAM, watengenezaji wa vifaa vya baiskeli, kwa baiskeli za mwaka 2015, na sababu yake ni hii hii 29: spoku ndefu hulegeza gurudumu kwa pembeni, basi mashavu ya habu yakasogezwa nje milimita 3 kila upande ili spoku zisimame kwa pembe pana zaidi. Mbele nako 100 ikawa 110.

Gurudumu la 148 halikubaliki kwenye fremu ya 142 kwa njia yoyote. Kinyume chake kinawezekana: la 142 kwenye fremu ya 148, kwa kuweka pete ya milimita 3 kila upande, na kipande cha milimita 3 kati ya habu na diski ili diski irudi katikati ya kalipa ya breki. Bolti sita za diski lazima ziwe ndefu zaidi kwa kiasi hicho hicho. Za zamani zitashika nyuzi chache na kung'oka kwenye breki kali. Kaseti nayo itakuwa imesogea ndani, kwa hiyo rekebisha kihamisha gia upya na uweke upya kikomo chake cha ndani, mnyororo usije ukaangukia spoku.

Na usiogope ukiona 135 na 142. Mwili wa habu ni uleule. Zile milimita 7 ni 3.5 kila upande zinazozama kwenye fremu kushika ekseli nene. Kwa habu nyingi unabadilisha vifuniko vya pembeni tu.

Mteja akikupigia simu kabla ya kununua gurudumu, muulize vitu vinne: namba ya ringi, upana wa fremu kwa ndani pale habu inapokaa, unene wa ekseli, na aina ya kaseti.

Ni kweli inakuja 32? – Msomaji, Nairobi

Ipo, kipimo chake ni 686. Mwaka 2025 zilionekana baiskeli za majaribio na matairi yake. Ina maana fremu, foki, ringi, spoku na tyubu za peke yake. Kwa mtu anayenunua baiskeli ya kutumia mwaka huu na kuitafutia tyubu mjini, hiyo bado si ya kuizingatia. Nunua 622.