Masika yakikata Tabora, usiweke jembe stoo

Kila mwaka mwishoni mwa Aprili, mvua zikianza kukata hapa Tabora, majirani wengi huosha majembe na kuyaweka stoo. Mahindi yamekomaa, karanga zinang'olewa, viazi vitamu vinasubiri kukatwa michembe, vile vipande vya kukausha, na mtu anaona kazi ya mwaka imekwisha. Mlio na kipande cha uwanja nyuma ya nyumba, hata kama ni hatua kumi kwa tano, nawaomba msiyaweke. Mei hadi Agosti ndiyo miezi ambayo kabichi, karoti, saladi, spinachi na vitunguu hukubali kukaa nasi kwa raha. Ikikupita, subiri mwakani.

Swali ninaloulizwa zaidi na wanaopita uani kwangu ni la mbegu: "Dada, hizi kabichi ni mbegu gani?" Huwa nawajibu, kisha nawauliza wao walipanda mwezi gani. Karibu kila mara tatizo limejificha kwenye tarehe. Mtu amenunua pakiti nzuri, ameipanda Agosti kwa sababu ndipo alipopata nafasi, na Oktoba anaangalia majani makubwa yasiyofunga kichwa.

Mboga hizi hupenda ubaridi. Ulaya watu huzipanda Machi na Aprili, ubaridi mkali unapoanza kulegea, ili zikue kabla ya joto la katikati ya mwaka. Kalenda za namna hiyo zimejaa kwenye simu zetu, na anayezifuata neno kwa neno hapa atahamishia miche bustanini Machi, masika yakiwa yamepamba moto na majani yakioza kwa unyevu. Cha kuchukua kutoka kwao ni hesabu: mboga ikue kwenye ubaridi, ivunwe joto halijarudi. Ubaridi wetu ni kipupwe. Tabora iko mita kama 1,200 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Juni na Julai joto hushuka hadi nyuzi 15 hivi. Septemba linaanza kupanda. Oktoba, mwezi wa joto kuliko yote, mchana hufika nyuzi 32 na kuzidi. Kwenye joto hilo saladi hutoa ua mapema na majani yake huwa machungu, na mbegu zake hugoma hata kuota udongo ukipita nyuzi 30. Karoti hutoka fupi na ngumu. Kabichi hufunga kichwa kilegevu, au haifungi kabisa.

Basi mimi huanzia mwisho wa Agosti na kuhesabu kurudi nyuma. Kabichi hukaa kitaluni wiki nne hadi tano, halafu bustanini miezi miwili na nusu hadi mitatu na nusu kulingana na aina. Kwa hiyo mbegu zake nazisia mwanzoni mwa Aprili na miche naihamisha mwanzoni mwa Mei. Vitunguu maji ndivyo vinavyotaka uwahi zaidi, maana kitaluni peke yake vinakula wiki sita hadi nane: nasia katikati ya Machi, navihamisha Mei, navuna Agosti kuelekea Septemba. Kuvuna wakati huo kuna faida nyingine kubwa, hakuna mvua, shingo zinakauka vizuri na vitunguu vinakaa muda mrefu bila kuoza. Karoti haipendi kuhamishwa, hupandwa moja kwa moja kwenye tuta na hukomaa kwa miezi mitatu hivi, kwa hiyo kuanzia mwisho wa Aprili hadi mwanzoni mwa Juni unaweza kugawa matuta mawili yakapishana. Chainizi inachumwa ndani ya wiki tano au sita, figili ndani ya nne, hizo unazipanda kidogo kidogo mpaka Julai. Spinachi na sukuma wiki ukizipanda mara moja Mei, utachuma majani ya nje msimu mzima. Mbegu za spinachi ziloweke usiku kucha kabla ya kupanda, ganda lake ni gumu.

Kuhusu aina, kwa vile mtaniuliza tu: kabichi napenda Gloria F1 kwa vichwa vyake vilivyoshikana, na Copenhagen Market kwa anayetaka mbegu ya bei nafuu inayowahi. Karoti ni Nantes kwenye udongo laini, Chantenay kwenye udongo unaoshikana kwa sababu ni fupi na nene. Vitunguu, Red Bombay. Angalia tarehe ya mwisho wa matumizi na lebo ya TOSCI, taasisi inayothibitisha ubora wa mbegu, hasa kwa vitunguu, ambavyo mbegu yake ikikaa zaidi ya mwaka mmoja hupungua sana nguvu ya kuota.

Kitalu cha Machi na Aprili kinakutana na mvua za mwisho, kwa hiyo kiinue sentimita 15 au 20 maji yasituame, na ukiezekee kichanja chepesi cha nyasi. Sia kwa mistari, kina cha sentimita moja, mistari iachane sentimita 10 hadi 15. Kumwaga mbegu ovyo kunazaa miche iliyosongamana, myembamba, inayokauka shingo na kuanguka. Wiki moja kabla ya kuhamisha, ondoa kivuli na punguza maji ili mche uzoee jua. Kisha uhamishe jioni. Mche wa kabichi uliohamishwa saa tano asubuhi Tabora unaingia vitani siku hiyohiyo.

Sasa matuta, na hapa naomba tutulie kidogo, kwa maana ndipo bustani nyingi za kiangazi zinapofia. Mazoea yetu ni kuinua tuta, na masika ni sawa kabisa, maji yanahitaji pa kutokea. Kiangazi, tuta mwinuko kwenye udongo wetu wa kichanga linakauka kabla ya adhuhuri. Upepo unalipiga pande zote na maji unayomwaga yanateremkia njiani. Kiangazi chimba tuta mbonyeo: upana wa mita moja ili ufikie katikati bila kukanyaga, urefu wowote, na ndani pawe chini ya njia kwa sentimita 10 hadi 15, kingo zikiwa zimeshindiliwa. Maji yanabaki pale ulipoyaweka, na miche ikiwa midogo kingo zinaikinga na upepo.

Kichanga chenyewe hakishiki maji wala mbolea, unamwagilia asubuhi na jioni kiko kama hujagusa. Dawa yake ni samadi iliyooza, ndoo mbili za lita 20 kwa kila mita nne za mraba, ichanganywe vizuri na udongo wa juu. Samadi iliyooza haina harufu kali, haina joto ukiingiza mkono, na huwezi tena kutambua umbo la kinyesi. Mbichi inaunguza mizizi na inaleta sota, yule funza anayekata miche usiku. Kwenye tuta la karoti, usiweke samadi msimu huohuo hata kama imeoza. Panda karoti pale ulipoweka samadi kwa ajili ya zao lililotangulia, vinginevyo utavuna karoti zenye miguu miwili na mitatu. Mzee mmoja anayetuletea samadi kwa mkokoteni ndiye aliyenielekeza pia kwenye udongo wa kichuguu. Mchwa hupandisha mfinyanzi kutoka chini, na huo mfinyanzi ndio kichanga kinachoukosa. Upondeponde na uchanganye, ndoo moja kwa mbili za samadi. Nawashukuru wazee wa namna hii. Wanajua ardhi ya Unyamwezi kuliko pakiti yoyote.

Jambo la eneo: mji wetu umejaa miembe na tunaipenda, lakini bustani isiwe chini yake. Mboga za vichwa na za mizizi zinataka kupigwa na jua kwa muda wa saa sita kila siku, na mwembe pia unakunywa maji yako. Nje ya kivuli chake, na mbali kidogo na mizizi.

Maji ndiyo yanayowatisha wengi, na wana haki. Kabla ya kuchimba, piga hesabu. Mboga zilizokwisha kukua, kwenye kiangazi cha hapa, zinahitaji kama lita tano kwa mita moja ya mraba kwa siku. Ndoo moja ya lita 20 inatosheleza mita nne za mraba. Ukiwa na matuta matatu ya mita moja kwa nne, unahitaji ndoo tatu kila siku, iwe ni za bomba, za kisima au za kununua. Kama huna uhakika wa ndoo tatu, chimba tuta moja. Tuta moja lenye maji linalisha nyumba, na matatu yenye kiu hayalishi mtu. Mwagilia asubuhi mapema, kwenye shina, polepole. Maji ya kuoshea mchele na mboga yaende bustanini. Ya sabuni yapelekee mipapai na migomba. Tandaza nyasi kavu au mabua juu ya udongo, ila yaache yakae mbali na shina kwa upana wa kiganja, kwani mchwa watayafuata, na hutaki wafike kwenye mche.

Karoti inataka uangalizi wa peke yake. Mbegu huchukua wiki moja hadi tatu kuota, na udongo wa juu usikauke hata siku moja katika kipindi hicho. Funika tuta kwa gunia la katani lililoloweshwa, chungulia kila siku, na ukiona vichomozi viwili vitatu liondoe siku hiyohiyo. Zikifika urefu wa kidole, punguza mpaka zibaki sentimita tano kati ya moja na nyingine. Najua inauma kung'oa kitu kilichoota. Ng'oa.

Wadudu wa kiangazi ni wawili hasa: vidukari, wanaojazana chini ya majani ya kabichi na sukuma, na viwavi wa nondo mgongo almasi wanaotoboa majani. Pindua majani kila baada ya siku mbili. Wakiwa wachache, ponda kwa vidole. Mwarobaini tunao kila mtaa: twanga majani, loweka usiku kucha, chuja, ongeza sabuni kidogo ya maji ili ishike, nyunyizia jioni upande wa chini wa jani, na urudie kila wiki. Mwaka unaofuata usirudishe kabichi, sukuma wala chainizi kwenye tuta lilelile.

Walio Kigoma mjini, ziwa hupunguza ubaridi wa usiku, na mji uko chini kuliko Tabora kwa mita mia kadhaa. Anzeni na spinachi, sukuma, chainizi na vitunguu. Kabichi chagueni inayovumilia joto na msichelewe kabisa kuhamisha. Walio Kasulu, Heru Juu na Manyovu, nyinyi mna ubaridi ambao sisi tunautamani, na msimu wenu ni mrefu zaidi.

Nasikia watu wakisema kiangazi ni cha nsansa, mboga ya majani yaliyokaushwa. Nsansa ya karanga ni mboga ya heshima na kwangu haikosi. Lakini mtoto akila nsansa Jumatatu na karoti mbichi Jumanne aliyoing'oa mwenyewe, nyumba imepata vyote viwili.

Septemba ikiingia, usilazimishe tena. Vuna kabichi zilizobaki hata kama ni ndogo, majani ya nje yape kuku, na tuta liongeze samadi. Hapo panda bamia, mchicha na kunde za majani. Hizo zinalipenda jua la Oktoba.