Pambo la kuning'inia: lishone kwa macho ya mtoto anayelala chali

Kabla hujanunua hata uzi, ingia katika chumba cha mtoto, lala chali pale atakapokuwa akilazwa, utazame juu. Kama mimba imeshakuwa kubwa, mtume mwenzako akalale yeye akupe taarifa, maana miezi ya mwisho mfuko wa uzazi hulalia mshipa mkubwa unaorudisha damu moyoni, na kizunguzungu hakikawii. Atakachokiona ni dari, taa na ukingo wa pazia. Yale maua uliyobandika ukutani hayamo. Jina lililoandikwa juu ya kabati halimo. Vyumba vya watoto tunavipamba kwa ajili ya watu wanaosimama mlangoni, na mwenye chumba anaachiwa balbu.

Mimi nimewashonea wanangu mapambo ya kuning'inia, nikawashonea na wapwa zangu, na siku hizi mama kijacho yeyote katika ukoo wetu akianza kuulizia vitambaa anaelekezwa kwangu. Swali langu la kwanza ni lile lile: pambo hili ni la nani? Kama ni la kupigia picha, shona upendavyo, litundike ukutani, mambo yameisha. Kama ni la mtoto, basi yeye ndiye mtazamaji, na macho yake yana masharti.

Mtoto mchanga huona vizuri umbali wa sentimita 20 hadi 30 hivi, karibu sawa na umbali wa uso wa anayemnyonyesha. Zaidi ya hapo ni ukungu. Rangi nazo bado hazijamkolea. Anachokidaka kwa urahisi ni tofauti kubwa ya giza na mwanga: nyeusi juu ya nyeupe, mistari minene, duara ndani ya duara, macho mawili na mdomo. Nyekundu iliyokolea huanza kumvutia mapema, lakini zile rangi zilizopoa ambazo kila mtu huziona "za kitoto", waridi mpauko na buluu iliyofifia, majuma ya mwanzo hazimwambii kitu. Kufikia mwezi wa nne au wa tano huziona rangi vizuri. Kwa hiyo mimi hutengeneza kiunzi kimoja na kukivika mara mbili: kwanza maumbo meusi na meupe, baadaye yenye rangi kali. Kazi inaongezeka kidogo, ila maumbo ya mwanzo ni rahisi sana kushona, hata mtu asiyejua sindano atayaweza.

Umbo ndilo linaloharibu kazi nyingi. Kata samaki wa kitambaa, mtundike kwa uzi wa mgongoni kama anavyoogelea. Ukisimama pembeni unaona samaki mzuri kabisa. Ukilala chini yake unaona ufa mwembamba, yaani mshono wa tumbo. Tembo ni hivyo hivyo, anayelala anaonyeshwa nyayo. Mapambo mengi yanayouzwa yana kasoro hiyo hiyo, na mtu analipia uso wa twiga ambao mtoto hatauona hata siku moja.

Dawa yake ni kulaza umbo. Nyota ipitishiwe uzi katikati, ikae kama sahani, upande uliotariziwa ukiangalia chini. Ndege atundikwe kwa nyuzi mbili mgongoni, mabawa yakiwa wazi, na mapambo yote yaende tumboni. Uso wa jua, uso wa paka, uso wowote ule, uangalie godoro. Au shona vitu vya mviringo vilivyojazwa, kama mipira na mawingu manene, ambavyo havina mbele wala nyuma. Wageni wataona migongo mitupu, wavumilie. Njia nzuri ya kujipima ni kulinyanyua kila umbo juu ya kichwa chako kabla hujalifunga moja kwa moja. Usilolitambua ukiwa chini yake, lishone upya.

Litundikwe wapi? Wengi watasema juu ya kitanda. Mimi silitundiki hapo. Kitanda ni mahali pa kulala, na ushauri wa madaktari wa watoto kuhusu kitanda ni mkavu: godoro gumu, shuka lililobana, basi, hakuna mito, midoli wala vizuizi vya sponji pembeni. Marekani ilipiga marufuku kwa sheria vizuizi hivyo mwaka 2022. Tena wanashauri mtoto alale chumba kimoja na wazazi, kwenye kitanda chake mwenyewe, angalau miezi 6 ya kwanza, kwa hiyo chumba kile unachokipaka rangi kwa pupa huenda kikabaki kitupu usiku kwa muda mrefu. Pambo langu hukaa juu ya pale anapobadilishwa nepi au pale anapolazwa mchana akiwa macho, na mtu mzima yupo karibu. Hapo ndipo linapofanya kazi hasa. Mtoto anayelia kila anapovuliwa nguo hupata kitu cha kutazama, nawe unapata nafasi ya kumalizia kumfunga.

Jambo dogo ambalo halisemwi sana: watoto wachanga hupenda kulaza kichwa upande mmoja. Pambo lililo wima juu ya pua halitazamwi. Lisogeze lielekee kifuani na pembeni kidogo, kisha siku nyingine ulihamishe upande wa pili, ili naye ageuze shingo.

Sasa niseme kuhusu mizani, sehemu ninayoipenda kuliko zote. Mchongaji wa Marekani Alexander Calder, aliyesifika kwa sanamu zinazoning'inia na kuzungushwa na upepo, alisomea uhandisi wa mitambo kabla ya kuingia katika sanaa, na ukianza kufunga fito utaelewa kwa nini elimu ile haikumpotea. Kanuni ni ya jiwe na mizani ya sokoni: kizito kikae karibu na kitanzi kinachoubeba ufito, chepesi kikae mbali. Ukiwa na ufito wa sentimita 30, mwezi wa gramu 20 upande mmoja na nyota ya gramu 10 upande wa pili, kitanzi kitatulia kama sentimita 10 kutoka kwenye mwezi. Ufito wenyewe nao una uzito, kwa hiyo usifunge kwa kukadiria. Funga kitanzi kilegevu, kisogeze mpaka ufito ulale sawa, ndipo ukaze na kudondosha tone la gundi kwenye fundo.

Na uanze chini. Huu ndio ufunguo. Sawazisha ufito wa chini kabisa na vitu vyake viwili, kisha uuchukue wote kama mzigo mmoja na kuutundika mwisho wa ufito wa juu yake, usawazishe tena. Anayeanzia juu atafungua na kufunga mpaka mtoto azaliwe. Kama hesabu hizi zinakuchosha, chukua duara la mbao la kutarizia, ligawe sehemu sawa, tundika maumbo yenye uzito unaolingana, na kutoka juu shusha nyuzi tatu zinazokutana kwenye kitanzi kimoja. Linapendeza, na halina ugomvi.

Vifaa ni vya kawaida: kitambaa cha pamba au cha sufu nzito, pamba ya mito, uzi imara, fito zilizopigwa msasa mpaka zisichome. Kitambaa kifuliwe kwanza. Shanga, vifungo na macho ya plastiki viache. Macho tarizi kwa uzi. Kipimo changu ni kile kibomba cha karatasi ngumu kinachobaki karatasi ya chooni ikiisha: kitu chochote kinachopita ndani yake kinaweza kumkaba mtoto. Shona, usibandike, kwa sababu gundi ya kuyeyushwa huachia baada ya miezi ya joto na baridi. Kila umbo likishafungwa, livute kwa nguvu zako zote. Afadhali likatike mkononi mwako.

Kuhusu muda, usingoje likizo ya uzazi. Tarehe unayopewa kliniki ni makadirio. Ni takriban mtoto mmoja kati ya 20 anayezaliwa siku yenyewe, na kuanzia wiki ya 37 anaweza kubisha hodi wakati wowote. Mimi hulenga kumaliza wiki ya 36. Pia kuna habari ya vidole. Miezi ya mwisho mikono ya wengi huvimba na kufa ganzi, kwa kuwa maji ya mwili hubana mshipa wa fahamu pale kwenye kifundo cha mkono, na sindano nyembamba inageuka adui. Kazi za kutarizi zitangulie, za kujaza pamba na kufunga ziwe za mwisho.

Kuna wanaoogopa kuandaa chochote kabla ya mtoto kufika, hasa waliowahi kupoteza mimba, nami sitamwambia mtu aiondoe hofu hiyo kwa kujilazimisha. Lakini kushona si kutundika. Shona kipande kimoja kimoja, weka ndani ya boksi, funika. Boksi halimkodolei mtu macho kila anapopita. Rafiki yangu mmoja alifanya hivyo mimba nzima, na pambo likaja kufungwa darini na mume wake siku mama na mtoto waliporuhusiwa kutoka hospitali. Aliniambia kuwa zile usiku za kukosa usingizi alikuwa akitarizi mistari myeupe juu ya kitambaa cheusi, na hilo tu lilimtosha kumfikisha asubuhi. Kama kuna mtoto mkubwa nyumbani, mwachie achague maumbo. Atakuchagulia trekta. Shona trekta.

Kutundika si kazi ya mjamzito. Tumbo limehamisha uzito wa mwili, na ngazi haina huruma. Anayetundika atafute mbao ya dari, asiamini jipsamu peke yake, na kabla ya kuweka pambo atundike chupa ya maji ya lita moja kwenye kulabu hiyo, ikeshe. Pambo liwe mbali na panga boi na mbali na kamba za pazia. Kila uzi unaobeba umbo mimi siuzidishi sentimita 20. Na kama umeamua kupaka rangi, chagua ya maji, fungua madirisha, wewe ukae chumba kingine. Rangi ya zamani kwenye ukuta wa nyumba kuukuu usiikwangue, kwani huenda ina madini ya risasi.

Kisha ipo siku ya kulishusha, na hiyo haijadiliwi: mtoto akianza kujiinua kwa mikono na magoti, au akitimiza miezi 5, lolote litakalotangulia. Hata kama bado analipenda. Hata kama limekuchukua miezi kulishona. Likishuka, lifumue nyuzi zote uzitupe, maumbo yafue kwa mkono, yakaushe kivulini, fito zifungwe pamoja. Akija mtoto mwingine utayafunga kwa nyuzi mpya, na utauvuta kila mshono kwa nguvu tena, maana pamba iliyokaa kabatini huoza bila kumwambia mtu.