Presha na kazi ya kukaa: je, kutembea kunatosha?

Mkuu, umeuliza: una presha, unashinda umekaa ofisini, hela ya gym huna, je kutembea kutakusaidia au unajidanganya? Kutakusaidia, ila siyo kule kutembea kwa kuzurura madukani.

Mimi ni dereva wa daladala, ruti ya Mbagala. Watu wanaona kazi yetu ni ya jasho, na jasho kweli linatoka, ila ni la joto la injini na foleni. Mwili umekaa kitako toka alfajiri mpaka usiku. Mwenye mazoezi ni konda: anashuka, anapanda, analikimbilia gari limeshaondoka. Nilipokutwa na presha, daktari alinisimulia utafiti wa London. Mtafiti Jerry Morris alilinganisha madereva na makonda wa mabasi ya ghorofa, na mwaka 1953 matokeo yakachapishwa: makonda, waliopanda na kushuka ngazi kutwa, waliugua moyo kidogo kuliko madereva. Baadaye watafiti walikagua mpaka saizi za suruali za sare! Viuno vya madereva vilikuwa vipana, sawa, lakini konda mnene naye alikuwa na nafuu kuliko dereva mnene. Nilimhadithia konda wangu, sasa hivi anadai nataka kumlipa kidogo kwa vile afya anaipata bure.

Mimi gari linakolala naenda kwa miguu, na kurudi vilevile. Mwendo ni ule wa mtu aliyechelewa: kuongea unaweza, kuimba huwezi. Ukiweza kuimba, ongeza. Shirika la Afya Duniani linasema dakika 150 kwa wiki au zaidi, na unaruhusiwa kuzigawa. Kwa hiyo gari likiwa kwenye foleni ya kupakia, wenzangu wanapiga soga kijiweni, mimi nazunguka stendi. Walinicheka mwanzoni. Wewe wa ofisini shuka kituo kimoja kabla, basi.

Usisubiri Jumamosi. Ukishafanya mazoezi mishipa inalegea na presha inabaki chini kwa saa kadhaa, halafu inarudi juu. Ndiyo maana kidogo cha kila siku kina maana. Klabu za jogging nazipenda, zina raha yake, ila kuna watu wanakimbia mara moja kwa wiki kisha wanamalizia na supu yenye chumvi na chapati za mafuta. Hapo sijui tumefanya nini.

Mara mbili kwa wiki ongeza kuchuchumaa na kuinuka, au pushapu za ukutani. Usibane pumzi wakati unajikaza, maana presha inaruka hapo hapo.

Dawa usiache. Mimi yangu ilipunguzwa na daktari baada ya kuona vipimo, sikuipunguza mwenyewe. Na kama kifua kinabana au kichwa kinazunguka ukitembea, simama, nenda hospitali, usijikaze kiume.

Kitambi? Kimepungua kidogo, ila mke wangu hakubali. Presha haikusubiri kitambi kiishe, ilishuka kabla. Ukipima nyumbani, kaa kwanza umetulia kama dakika tano, mkono uuweke mezani, usipime ukiwa umetoka kutembea wala kunywa kahawa. Andika namba kwenye daftari uende nalo kliniki.