Kijani kisikudanganye: kwa wewe unayeanza kupima malisho ya nchi kame

Mwaka wangu wa kwanza Samburu nilipima malisho mara tu baada ya mvua za Aprili. Kila mahali kijani, nikaandika "hali nzuri". Niliporudi Agosti nilikuta vumbi. Zile zilikuwa nyasi za msimu: huota upesi, huzaa mbegu, hukauka. Kwa hiyo ukifika, chuchumaa kwanza, ushike nyasi na kuivuta. Ya msimu hung'oka na mizizi yake. Ya kudumu hukatalia ardhini, na kwenye kishina chake utaona mabaki ya miaka iliyopita.

Kisha nyoosha futi ya mita 50, utembee upande mmoja tu usije ukakanyaga unachokipima. Kila sentimita 50 dondosha pini bila kulenga, uandike inachogusa: jani, majani makavu, jiwe, udongo mtupu. Mara 100, basi kila mguso ni asilimia moja.

Ukiwa na muda wa kipimo kimoja zaidi, pima mapengo kati ya mimea, kuanzia sentimita 20 kwenda juu. Viwanja viwili vinaweza kuwa na asilimia 30 ya mimea kila kimoja, lakini kimoja nyasi zimetawanyika, kingine zimejikusanya na kuacha vipara vya mita mbili. Hapo penye vipara ndipo upepo na maji hupata kasi ya kuchukua udongo.

Udongo wenyewe ujaribu ungali mkavu. Tumbukiza kwenye maji vipande vya tabaka la juu, vidogo kama punje ya hindi, usubiri dakika 5. Ukimeguka papo hapo na kuwa tope, mboji na mizizi iliyoushikilia imekwisha.

Picha za setilaiti zinasaidia, ila Landsat huona vipande vya mita 30 kwa 30. Lchurai, mti wa miiba uliotapakaa sana Samburu, huko juu unaonekana kijani kizuri, na chini yake ng'ombe hapati kitu.

Tena, waulize wafugaji. Nilimuuliza mzee mmoja, "Mzee, hapa pamebadilika nini?" Akainama, akaweka vidole vinne kati ya ardhi na kitako cha kishina kilichobaki kimening'inia juu ya kibonge cha udongo. "Kijana wangu, ardhi ilikuwa inafika hapa." Tangu siku hiyo kimo hicho nacho nakipima.