Kabla hujanunua difu ya nyuma yadini

Muuzaji wa yadi ya magari chakavu hapa Marekani ana majibu mawili kwa difu yoyote kuukuu iliyolala kwenye majani. Kama hajali bei, ni "ya Chevrolet". Kama anajali, ni "ya Camaro". Msibishane naye. Chukueni brashi ya waya, tochi, futi na kitambaa, kisha muiulize difu yenyewe.

Nawaandikia ninyi mnaoanza kazi ya vipuri vya magari ya V8 ya miaka ya 60 na mwanzoni mwa 70: Mustang, Camaro, Chevelle, Charger, Javelin na ndugu zao. Wengi wenu mmetoka gereji ambako ukiwa na namba ya chesisi unaagiza kifaa na kinakuja sahihi. Huku difu imeshatengana na gari lake miaka mingi, na huenda imefunguliwa na mafundi watatu wasiojuana. Kwa hiyo kuna maswali mawili, wala msiyachanganye. Hausingi, yaani ganda la chuma la nje, ni ya nini? Na ndani mna nini? Jibu la kwanza halithibitishi la pili hata siku moja.

Anzeni nyuma ya hausingi. Je, kuna kava la bati lililofungwa kwa bolti, au mgongo ni mzima na difu inatokea mbele pamoja na pinioni, ile gia ndogo inayoingiza mzunguko wa injini? Kwa magari ya kundi hili, mgongo mzima karibu siku zote ni Ford ya inchi 9, Ford ya inchi 8, au Chrysler ya inchi 8¾. Vipimo hivyo ni kipenyo cha kraunwili, gia kubwa ya duara inayozungushwa na pinioni, si cha kitu mnachokiona kwa nje.

Ford ya inchi 9 ilitengenezwa kuanzia 1957 hadi 1986 na ndiyo inayotafutwa na kila mtu wa mbio. Pinioni yake imekaa chini sana kwenye kraunwili na ina beringi ya tatu inayoishika kwa ndani, ndiyo maana inavumilia injini zinazovunja difu nyingine. Ile ya inchi 8 inafanana nayo, na zote mbili zina nati kumi za kushikilia difu kwenye hausingi. Kuzitofautisha hakuhitaji kufungua kitu: chukua soketi, jaribu kuivisha kwenye nati za chini. Kwenye inchi 8 soketi inaingia nati zote. Kwenye inchi 9, mbili za chini zinagoma, lazima uende na spana. Mimi namwamini soketi kuliko mwenye yadi.

Kwenye Mustang za mwanzo hili lina maana kubwa kibiashara. Mwaka 1965 inchi 9 ilifungwa kwenye zile zenye injini ya inchi za ujazo 289 ya nguvu zaidi, iliyojulikana kwa herufi K, na V8 nyingine zikapata inchi 8. Za silinda sita zilikuwa na difu ndogo na stadi nne (bolti za kufungia tairi) badala ya tano. Ukikuta stadi nne, umeshapata jibu, endelea na shughuli nyingine.

Upande wa Chrysler, inchi 8¾ ilianza 1957 na ikafika 1974. Kila kitu kimeandikwa kwenye chuma cha difu yenyewe, ubavuni: angalia tarakimu tatu za mwisho za namba iliyomiminwa. 741 ina pinioni yenye shina jembamba, inchi 1⅜. 742 ina shina nene, inchi 1¾. 489 ilikuja mwishoni mwa miaka ya 60 na shina lake ni inchi 1⅞, limechongwa kupungua kuelekea mbele. Kraunwili ni saizi ileile kwa zote tatu, lakini pinioni haziingiliani. Anayewauzia "gia za 8¾" bila kutaja namba hizo hajui anachouza, au anajua sana.

Sasa zile zenye kava nyuma. Hapa ndipo wanafunzi wanapoponzwa, kwa sababu wamesikia neno moja tu, "bolti kumi na mbili", nao wanahesabu bolti za kava na kutoa pesa. Kweli, difu ya GM (General Motors, wenye Chevrolet na Oldsmobile) ya bolti 12 ndiyo iliyobeba sifa ya Chevrolet za nguvu hadi 1972, na kraunwili yake ni inchi 8.875. Lakini bolti 12 kwenye kava zina wenyewe wengi. Malori madogo ya Chevrolet yana bolti 12 na kraunwili ya inchi 8.875 hiyohiyo, ila shina la pinioni ni inchi 1.438 wakati la gari dogo ni 1.625, kwa hiyo gia za huku haziendi kule. Oldsmobile walikuwa na yao yenye bolti 12 kwenye kava, ukifungua ndani unakuta kraunwili imeshikwa na bolti 10. Na AMC (American Motors) walifunga kwenye Javelin na AMX difu yenye kava la duara la bolti 12, nayo pia ni inchi 8.875! Hii ya AMC inajitoa yenyewe ukitazama upande wa tairi: ncha ya hafshafti, shafti inayozungusha tairi, imechongwa kama koni, habu (kitovu cha tairi) imekazwa juu yake, na katikati kuna nati kubwa. GM haina nati hiyo.

Bolti kumi nazo zina ukoo. GM walikuwa na ya inchi 8.2 na baadaye ya 8.5, iliyo imara zaidi. Lala chini utazame tumbo la hausingi. Ya 8.5 ina vinundu viwili vya chuma, pale ambapo saa ya ukutani ingekuwa na namba 5 na 7. Ya 8.2 tumbo lake ni laini. Dana 60 pia ina bolti kumi, lakini hiyo hamtaikosea: kraunwili ya inchi 9¾, hausingi nene, na kuinua peke yako ni kujitafutia mgongo. Chrysler waliifunga nyuma ya injini za Hemi zenye gia nne za mkono kuanzia 1966. Halafu ipo Ford ya inchi 8.8, kijana wa miaka ya 80 na 90, ambayo watu huitoa kwenye Explorer na kuichomelea kwenye magari ya zamani. Ukiona breki za diski za kiwandani na bomba la kulia fupi kuliko la kushoto, unatazama Explorer, hata kama imeshapakwa rangi nyeusi ya kupendeza.

Baada ya ukoo, tafuta gari. Masikio mawili ya chuma juu ya hausingi, ya kupokea mikono ya juu, yanasema springi za koili, na kwa GM hapo mnafikiria Chevelle na wenzake wa 1964 hadi 1972. Pedi bapa zilizochomelewa kwenye mabomba zinasema springi za bapa: Camaro, Nova, Mustang, na karibu Chrysler zote. Angalieni kama weldi ya pedi ni ya kiwanda au ya mtu wa mtaani. Pedi zilizohamishwa ni ushahidi kwamba difu imeshawahi kuishi chini ya gari jingine. Kisha pimeni upana, kutoka uso wa kufungia tairi hadi uso wa pili. Mustang ya 1965 na 1966 ni inchi 57¼, ya 1967 hadi 1970 ni 59¼, na ya 1971 hadi 1973 ni 61¼. Duara la stadi pia linasema: Ford inchi 4½, Chevrolet 4¾, na Chrysler ndogo kama Dart na Valiant hadi 1972 zilikuwa na inchi 4 tu.

Hapo ndipo brashi ya waya inafanya kazi. Kwa GM, sugua bomba la upande wa abiria, mbele, karibu na chuma cha kati. Huko kumegongwa herufi za msimbo unaotaja uwiano wa gia (mizunguko ya pinioni kwa mzunguko mmoja wa kraunwili), pamoja na siku iliyounganishwa. Kwenye chuma cha kumimina kuna tarehe nyingine: herufi ya mwezi, A ni Januari hadi L Desemba, kisha siku, kisha tarakimu ya mwisho ya mwaka. D 15 9 ni tarehe 15 Aprili, na kwa kuwa bolti 12 ya gari dogo haikuwepo 1959 wala 1979, mwaka ni 1969. Tarehe ya kumimina lazima itangulie ya kuunganisha, na zote mbili zitangulie siku gari lilipotoka kiwandani. Zikigongana, au herufi zikiwa kali na safi juu ya bomba lililoliwa na kutu, mtu ameshika nyundo juzi. Ford wao walining'iniza kibati kidogo kwenye nati moja ya difu: 350 ni uwiano wa 3.50 wa kawaida, 3L50 ni uwiano huohuo kwenye difu inayopeleka nguvu kwenye matairi yote mawili. Kibati kizuri, lakini kinatoka kwa kufungua nati moja tu, nami sijawahi kukilipia.

Msimbo unasema kilichofungwa kiwandani. Kilichopo leo mtakijua kwa kuzungusha. Zungusha tairi moja huku hakuna aliyeshika jingine: likienda kinyume, difu ni ya kawaida; yakienda upande mmoja, inapeleka nguvu matairi yote mawili, GM huiita Positraction na Chrysler Sure Grip. Kwa ya kawaida, zuia upande mmoja, zungusha wa pili raundi mbili kamili, uhesabu mizunguko ya pinioni. Kwa jicho, 3.55 na 3.73 zinachanganya, kwa hiyo omba kufungua kava na uhesabu meno: 41 kwa 11 ni 3.73, 41 kwa 10 ni 4.10, 39 kwa 11 ni 3.55. Mara nyingi hesabu hiyo imegongwa ukingoni mwa kraunwili. Anayekataa kava lisifunguliwe, mlipe bei ya hausingi tupu.

Na mkifika kwenye breki: msipulize vumbi la dramu kwa kompresa, lainingi za enzi hizo zilikuwa na asbesto, lilowesheni kwanza. Kwenye Chrysler za hadi 1970, stadi za kushoto zilizogongwa L zinafunguka kwa kuelekea kulia. Kabla ya kupachika bomba refu kwenye spana, tafuteni hiyo herufi.