Jibu: printa ya waifai ya nyumbani, Tanga

Dada, umeuliza kama uchukue printa ya katriji kwa kuwa bei yake ni ndogo, au ya matangi (unayoyajaza wino kwa chupa), ya kuchapia mitihani ya watoto na kuskani vyeti kutoka kwenye simu. Chukua ya matangi. Chupa ya wino mweusi ya Epson 003, ml 65, inakadiriwa kurasa 4,500. Katriji ndogo nyingi huishia 100 hadi 200.

Dukani soma namba ya modeli kwa makini. L3210 na L3250, printa za matangi za Epson, zinafanana sana, lakini L3210 ni ya waya wa USB tu. Yenye waifai ni L3250, nayo hushika mawimbi ya waifai ya 2.4 GHz peke yake. Ruta ikiwekwa 5 GHz tu, printa haitauona mtandao.

Adui mkubwa wa printa hizi ni wino kukauka kwenye matundu ya kichwa cha kuchapia. Izime printa kwa kitufe chake, kamwe si kwa swichi ya ukutani, ili kichwa kirudi mahali pake na kufunikwa. Umeme ukikatika katikati ya kazi, ukirudi iwashe, kisha izime kwa kitufe. Kila wiki chapa ukurasa wenye rangi zote. Mistari ikikatika, chapa kwanza ukurasa wa kukagua matundu (nozzle check), halafu iamuru printa isafishe kichwa (head cleaning). Ukifika mara 3 bila nafuu, iache bila kuchapa kwa muda wa saa 12. Kusafisha ovyo kunamaliza wino na kujaza sponji inayopokea wino taka.

Rimu iliyofunguliwa ifunge kwenye mfuko wa plastiki. Karatasi iliyonyonya unyevu wa pwani hujikunja na kukwama.